Shamba Halipandi Fuso

Jioni hii tunapanda Uluguru kufuatilia taarifa ya mbuzi watatu waliokufa.

Tuseme uko Tchenzema, kule Mgeta juu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ameitwa kwenye kaya moja. Mbuzi wanatokwa na kamasi, wanaharisha, na watatu wameshalala. Anashuku sotoka ya mbuzi na kondoo. Kuthibitisha si kazi yake. Kazi yake ni kupeleka habari mapema, kabla mtu hajawashusha waliobaki mnadani. Anatoa simu mfukoni, anajaza fomu, anabonyeza "tuma". Mtandao hakuna. Sisi wa mjini tukiinua macho tunaiona minara ya Bondwa, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, tunadhani mlima mzima umeshapata. Mawimbi ya simu hayaingii kila bonde, na nyuma ya kigongo simu yako inabaki kuwa saa na tochi.

Sasa swali. Amebonyeza "tuma" na mtandao haupo. Ile taarifa iko wapi?

Nauliza hivyo kwa sababu kazi ya namna hii imefanyika hapa hapa Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuna kituo cha SACIDS, kinachofuatilia magonjwa ya binadamu na ya wanyama kwa pamoja, bila kuweka ukuta kati ya zahanati na zizi. Baada ya mwaka 2014, wataalamu wake walitengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData, ili mtu wa kijijini aweze kuripoti dalili anazoziona. Hawakuanza na ukurasa mtupu. Walijenga juu ya ODK, zana huria ya kukusanya taarifa iliyoanzishwa mwaka 2008 na watu wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani, na ambayo kwenye simu ilianza kwa kuandikwa kwa lugha ya Java.

Jibu la swali letu basi ni hili: taarifa imekaa ndani ya simu, imeandikwa kama faili, imepewa namba yake ya utambulisho isiyofanana na ya fomu nyingine yoyote, na inasubiri. Mhudumu akishuka barabarani, simu ikinusa mtandao, inapelekwa. Sentensi mbili tu, mnaona, lakini nyuma yake kuna uamuzi ambao wanafunzi wengi wa kompyuta huukosea, tena wale waliofaulu vizuri.

Hapo naomba tusogee polepole. Mnaojua kompyuta mnivumilie, msiojua msiondoke.

Java ni lugha ya obijekti. Obijekti ni kipande cha programu kinachobeba taarifa zake na kazi zake pamoja, na kinachoficha mambo yake ya ndani. Obijekti ya fomu inajua majibu yaliyojazwa, na inajua pia kujikagua kama yametimia. Ukitaka kitu kutoka kwake unaiomba. Huingizi mkono ndani ukachokonoa. Fikra hii ilizaliwa Oslo, Norwe, katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipotengeneza lugha ya Simula. Shida yao ilikuwa kuiga ndani ya kompyuta mambo yenye foleni na pilikapilika nyingi, wakaona ni rahisi kila kitu kikipewa tabia zake na maisha yake. Toleo la mwaka 1967 ndilo lililoleta klasi, yaani kiolezo cha kuundia obijekti, na urithi wa klasi moja kwa nyingine, kama tunavyovijua. Walitunukiwa tuzo ya Turing ya mwaka 2001, na wote wawili wakafariki mwaka uliofuata.

Kwa watu wa Mgeta, Norwe si nchi ngeni. Mbuzi wa maziwa wa Kinorwe waliletwa huko miaka ya 1980 kwa kazi ya pamoja na chuo chetu cha Sokoine, na vizazi vyao bado vinakamuliwa. Kwa hiyo nikisema taarifa ya mbuzi wa Mgeta inasafiri kwa fikra za Oslo, sitanii sana.

Lakini ili taarifa isafiri kutoka simu hadi upande wa pili, inahitaji pia itifaki. Itifaki ya mawasiliano ni makubaliano: nani aanze kusema, aseme kwa umbo gani, mwenzake ajibu nini, na mtu afanye nini jibu lisipofika. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa.

Obijekti zinasaidia sana kupanga makubaliano hayo. Mwaka 1994 Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides walitoa kitabu kuhusu mbinu zinazojirudia katika usanifu wa programu za obijekti. Walipotaka kueleza jinsi obijekti inavyobadili tabia kulingana na hali iliyomo, mfano waliouchagua ulikuwa muunganisho wa TCP, ile itifaki ya mwaka 1981 inayobeba sehemu kubwa ya intaneti. Muunganisho wa TCP una hali 11: umefungwa, unasikiliza, umesimama, unasubiri kufungwa, na kadhalika. Ombi lile lile la "tuma" lina maana kwenye hali moja, na kwenye nyingine ni kosa. Programu ya hovyo hulitatua kwa msururu wa "kama hivi, basi vile; kama vile, basi hivi", mpaka hata aliyeiandika anaogopa kuigusa. Mbinu ya wale wanne ni kuifanya kila hali iwe obijekti yake, yenye kujua inaruhusu nini.

Tuirudishe kwa mbuzi wetu. Fomu ina hali ya rasimu, hali ya kukamilika, hali ya kuwa njiani, hali ya kupokelewa, na hali ya kukataliwa. Fomu iliyokamilika hairuhusu tena kubadilishwa idadi ya mbuzi. Fomu iliyo njiani hairuhusu kufutwa. Mwanafunzi akichora hali hizi kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta, ameshafanya nusu ya kazi.

Jambo la pili ni njia. Unatengeneza kiolesura kimoja, ukiite Njia, chenye kazi ya kutuma na ya kupokea. Chini yake unaweka klasi ya intaneti, klasi ya meseji za kawaida, klasi ya Bluetooth. Sehemu nyingine ya programu haijali taarifa imepita wapi. Umaridadi huo naupenda, ila una kikomo. Meseji moja ya simu hubeba baiti 140, ambazo ni herufi 160 za kawaida; picha ya mbuzi mgonjwa haiingii humo hata ukiisukuma. Kiolesura kinachoficha kikomo hicho kinamdanganya anayekitumia. Kwa hiyo Njia iweze kuulizwa: unabeba kiasi gani, unachelewa kiasi gani, unagharimu nini? Bando la mhudumu halitoki mbinguni.

Na hapa ndipo mtego ulipo. Kwa kuwa obijekti huzungumza kwa kuombana, watu wakapata wazo tamu: kwa nini obijekti iliyo kwenye simu isiiombe obijekti iliyo kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayopokea taarifa, kana kwamba zote ziko kwenye mashine moja? Mwandishi wa programu asihangaike na mtandao. Aandike ombi, mfumo umpelekee. Wazo hilo lilitawala miaka ya 1990. Kulikuwa na CORBA, kukawa na mfumo wa Java wa kuita obijekti za mbali, na Java yenyewe mwaka 1997 ikaleta uwezo wa kuichukua obijekti nzima, kuigeuza mfululizo wa baiti, na kuifufua upande wa pili.

Onyo lilikuwa limeshatolewa. Mwaka 1994 wahandisi wanne wa Sun Microsystems, Jim Waldo na wenzake, waliandika kwamba kuficha tofauti kati ya kilicho karibu na kilicho mbali ni kujidanganya. Ombi la ndani ya mashine linafika, au mashine nzima inazimika. Ombi la mbali lina hali ya tatu, mbaya kuliko zote mbili: hujui. Huenda halikufika. Huenda limefika, kazi ikafanyika, jibu likapotea njiani.

Mkulima wa Mgeta analielewa hili bila kusoma Java. Akiuza kabichi Dar es Salaam halipandishi shamba kwenye Fuso. Anapakia kabichi, anaandika karatasi: magunia mangapi, ya nani, yameondoka lini. Udongo, mfereji wa maji na ujuzi wa kupambana na wadudu vinabaki mlimani. Anayepokea ana vibarua wake na namna yake ya kupanga mzigo, na hahitaji kujua mfereji ulichimbwaje. Tena wote wawili wakubaliane gunia ni nini, maana gunia la vipimo na lumbesa iliyoshonewa kilemba yanaitwa gunia vilevile, na hapo ndipo mkulima anapoumia.

Basi na itifaki ni hivyo hivyo. Kinachosafiri kiwe ujumbe, wenye umbo lililoandikwa mahali kila mtu anaweza kulisoma. Obijekti zibaki pande zote mbili, kila upande na zake. Seva inaweza kuandikwa kwa Java, simu kwa Kotlin, na kijana wa Mzumbe akaandika ya kwake kwa Python, wote wakaelewana. Uzuri wa ODK uko hapo: kinachokwenda ni fomu iliyojazwa, kwa maandishi ya XML, juu ya HTTP ya kawaida.

Waliosafirisha obijekti nzima wamelipa. Mwaka 2018 Mark Reinhold, msanifu mkuu wa Java, alikiri hadharani kwamba ule uwezo wa mwaka 1997 ulikuwa kosa kubwa, kwa kuwa mapengo mengi ya usalama ya Java yamepitia humo: ukikubali kufufua obijekti iliyotumwa na usiyemjua, umemfungulia mlango. Desemba 2021 dunia nzima ilikesha kwa sababu ya Log4j, maktaba ndogo ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, iliyokuwa tayari kufuata anwani iliyopenyezwa ndani ya maandishi, ikaleta klasi kutoka seva ya mbali na kuiendesha. Mabenki, serikali, michezo ya watoto, wote waliguswa.

Ukiamua kutuma ujumbe, bado kuna vijimambo. Namba 3 ikiandikwa kwa baiti mbili, mashine moja inatanguliza baiti kubwa, nyingine inatanguliza ndogo. Zisipokubaliana, mbuzi watatu waliokufa Tchenzema wanafika Morogoro mjini wakiwa 768. Intaneti ilishaamua zamani kwamba kubwa itangulie. Na saa je? Mhudumu akiandika kwamba mbuzi alikufa saa 2, anamaanisha asubuhi jua limeshatoka. Programu iliyoandikwa ughaibuni inasoma usiku wa manane umepita kidogo. Mtu asiulizwe saa kwa kisanduku kitupu. Simu ioneshe "saa 2 asubuhi", na kwenye ujumbe iandike 08:00 pamoja na alama kwamba tuko masaa matatu mbele ya saa ya dunia. Hilo linaonekana dogo mpaka siku daktari wa mifugo anapotaka kujua ugonjwa ulianza kaya gani.

Sasa turudi kwenye ile hali ya tatu, ya kutojua. Kila Mtanzania ameionja kwenye pesa za simu. Umetuma elfu hamsini, skrini imeganda, meseji haijaja. Utatuma tena? Ukituma, huenda zikaenda laki moja. Usipotuma, mgonjwa hospitalini anasubiri. Wasiwasi ule unatokana na usanifu. Dawa yake inajulikana: kila ombi lipewe namba yake kabla halijaondoka, na upande wa pili ukiona namba ile ile mara ya pili, usirudie kazi, urudishe jibu lile lile la kwanza. Kontrol namba za malipo ya serikali zinafanana na hilo: ankara ya kiasi kamili ikishalipwa, ukijaribu kuilipa tena mfumo unakukatalia.

Kwenye ODK namba ya utambulisho inazaliwa ndani ya simu, mtandao ukiwa bado haujaonekana. Angalieni na majibu ya seva yalivyopangwa. Jibu namba 201 maana yake nimepokea, nimeshughulikia, nimehifadhi. Namba 202 maana yake nimepokea na kuhifadhi, pengine sijamaliza kushughulikia, ila wewe usitume tena. Aliyeweka tofauti hiyo alishakaa mahali mtandao unakatika. Jibu moja la "sawa" lisingetosha.

Kuna mwanafunzi atasema: mwalimu, yote haya kwa fomu ya mbuzi? Ndiyo. Miradi mingi ya chuo hujaribiwa kwenye kompyuta moja, simu ya bandia na seva zote humo humo ndani, na hapo kila kitu hufika. Siku ya kuwasilisha, ningeomba jambo moja tu: fomu ikiwa njiani, zima mtandao, halafu uwashe. Tuhesabu seva imepata fomu ngapi. Zikiwa mbili, au haipo hata moja, rudi ukaonane na mchoro wako wa hali.

La matoleo nitalipita kwa haraka. Programu ikibadilishwa leo mjini, mhudumu wa Kibungo Juu anaweza kukaa miezi na toleo la zamani kwa sababu kupakua jipya kunakula bando. Jon Postel, mmoja wa wazee wa intaneti, alishauri mwaka 1980 kwamba uwe makini katika unachotuma na mvumilivu katika unachopokea. Ushauri umeheshimiwa miaka mingi, lakini mwaka 2023 wasanifu wa intaneti walitoa waraka wa kuuhoji, kwamba uvumilivu uliozidi huzoesha makosa mpaka yanakuwa sheria. Mimi nasimama katikati. Ujumbe ukija na kisanduku usichokijua, kihifadhi, usiitupe fomu nzima. Ukija bila idadi ya mbuzi, ukatae, tena useme kwa nini.

Itifaki haitengenezwi na wahandisi peke yao. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Nchi nyingi zilikuwa bado zinabishana. Ugumu wa msimbo ulikuwa mdogo. Ugumu ulikuwa nani amlipe nani, na pesa ikipotea katikati ni ya nani. Makubaliano yalikuwa ya wawili wawili. Kampuni sita zikiungana kwa mtindo huo zinahitaji miunganisho 15, kila mmoja na mikataba yake. Ndiyo maana Benki Kuu ilileta mfumo wa TIPS, kila mmoja aungane na kituo kimoja kwa lugha moja.

Nygaard, yule wa Oslo, alijua kwamba wahandisi peke yao hawatoshi. Katika miaka ya 1970 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha Norwe, akitaka wanaotumia mitambo wawe na sauti katika kuipanga. Kutoka kwenye utamaduni huo ndiko ilikotoka DHIS2, mfumo wa Chuo Kikuu cha Oslo, nao umeandikwa kwa Java, ambao Wizara yetu ya Afya huutumia kukusanya ripoti za vituo.

Kwa hiyo vijana mnaopanga itifaki ya kwanza, naomba mwanze na klasi moja ambayo wengi huiacha mwisho au hawaiandiki kabisa: jibu linalorudi kwa mhudumu. Simaanishi ile 201, hiyo ni ya simu na seva. Namaanisha ujumbe wa mtu kwa mtu: taarifa yako ya mbuzi watatu imesomwa na daktari wa mifugo wa wilaya, atafika Alhamisi, watenge waliobaki, msiuze. AfyaData iliweka nafasi ya mrejesho kama huo. Mifumo mingi haina. Taarifa zinapanda, hakuna kinachoshuka, na baada ya miezi michache mhudumu anaacha kujaza. Jibu hilo nalo litakuta simu haina mtandao. Nalo linahitaji namba yake, hali zake, na subira ya kukaa kwenye seva mpaka mwenyewe ashuke barabarani.

Kwa wiki ijayo nimeletewa swali na msikilizaji wa Kihonda: kwa nini bando linaisha usiku ilhali simu umeilaza? Tutalifungua.